Posti ya 6: Mguu wa kijana mmoja, msimu wa timu nzima

Posti tano zilizopita tulikuwa na homa, chanjo, maziwa na usingizi wa watoto wachanga. Leo naruka kidogo, nakwenda kwa wale watoto waliokwisha kukua, wenye mabega mapana na viatu saizi 46, wanaomaliza mkate mzima asubuhi. Msimu wa mpira wa vyuo ukianza huku Marekani, inboksi yangu inajaa maswali ya magoti na vifundo vya mguu. Na mimi kazi yangu ni wodi ya mifupa, kwa hiyo siwezi kukimbia.

Kwa mnaonisoma mkiwa Dar, Mombasa au Bujumbura: mpira ninaousema si soka. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, helmeti na watu kugongana kama magari. Na msidhani mpira wa chuo ni mchezo wa wanafunzi wa kupitisha muda. Uwanja wa Mkapa pale Dar unachukua watu 60,000. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua zaidi ya 100,000, na unajaa. Watoto wetu waliokuja huku wadogo, au waliozaliwa huku, wanaingia humo kupitia shule ya sekondari. Kocha anamwona kijana mrefu, ana mbio, anampigia mama simu. Mama anasikia neno moja tu: ufadhili wa masomo. Chuo bure. Nani atakataa?

Sikatai mimi. Ila nataka niseme kitu ambacho makocha wakija sebuleni kwako kunywa chai hawakisemi: siku mchezaji muhimu anapoumia na msimu wake kuisha, mambo mawili yanatokea kwa pamoja, moja kwa timu na moja kwa mtoto. Hayo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Kama unataka kujua mwanao atatunzwaje akiumia, angalia timu ile inafanya nini mchezaji wake mkubwa akianguka.

Tuanze na Florida State, mwaka 2023. Mchezaji anayeitwa kwotabeki ndiye dereva wa basi. Kila mpira unapoanza unapitia mkononi kwake, yeye ndiye anaamua urushwe, ukimbizwe, au apewe nani. Kwotabeki wa Florida State alikuwa Jordan Travis. Timu ilikuwa imeshinda mechi zote kumi. Tarehe 18 Novemba, wakicheza nyumbani Tallahassee na chuo kidogo cha North Alabama, mechi ambayo walishinda 58 kwa 13, Travis alikimbia na mpira, akaangushwa, mguu ukavunjika. Akatolewa na kigari. Basi, msimu umekwisha.

Timu haikuanguka. Aliingia wa akiba, Tate Rodemaker, wakaifunga Florida 24 kwa 15. Huyo naye akapata mtikisiko wa ubongo. Kwenye fainali ya ligi yao akaanza kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, yaani chaguo la tatu, na walinzi wakafanya kazi ya punda hadi wakaifunga Louisville 16 kwa 6. Mechi 13, ushindi 13.

Wakati huo timu zilizokuwa zinaingia kwenye mashindano ya kuwania ubingwa wa nchi zilikuwa nne tu, na zilichaguliwa na kamati. Tarehe 3 Desemba kamati ikatangaza, Florida State hawamo. Nafasi ya nne wakapewa Alabama, waliokuwa wamefungwa mechi moja. Mwenyekiti wa kamati akaeleza kwamba bila Travis hii ni timu tofauti na ile ya mwanzo. Haikuwahi kutokea tangu mfumo ule wa timu nne uanze: bingwa wa ligi kubwa ambaye hajafungwa hata mara moja, akaachwa nje.

Watu wa mpira wamebishana juu ya hilo hadi leo. Kanuni za kamati ziliruhusu kuangalia wachezaji wasiokuwepo, kwa hiyo sheria hawakuivunja. Lakini mimi nasoma kama nesi na kama mama, na kilichonichoma si uamuzi wenyewe. Ni alichoandika kijana siku ile mtandaoni. Alisema anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi kwenye msimu, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu ile ni zaidi ya yeye.

Soma tena hiyo sentensi, mama. Kijana yuko na mguu uliovunjika, ametoka kufanyiwa upasuaji, na anaomba radhi kwa wenzake kwa tarehe aliyovunjika. Mtoto gani anafundishwa kufikiri hivyo? Anafundishwa na kila mtu aliyemwambia, kwa miaka, kwamba kila kitu kiko juu yake.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Wachezaji wengi wakajitoa kwenye mechi ya mwisho, wengine wakalinda miguu yao kwa ajili ya ligi ya kulipwa, wengine, hata Rodemaker, wakatafuta vyuo vingine. Georgia wakawafunga 63 kwa 3. Mwaka uliofuata Florida State walishinda mechi mbili, wakafungwa kumi. Sitaki kudanganya kwamba yote hayo ni mguu mmoja, wachezaji wengi wakubwa walikuwa wamemaliza chuo. Na Travis? Timu ya New York Jets ilimchukua 2024 kwenye raundi ya tano. Hakucheza hata mechi moja. Mwezi Aprili 2025 akatangaza anastaafu, mguu haukupona vya kutosha. Kwa hiyo ile ligi iliyomwona kama kila kitu ilipata msimu mwingine, na mwingine tena. Mguu ulikuwa mmoja.

Sasa linganisha na Ohio State, 2014. Kwotabeki wao Braxton Miller aliumia bega mwezi Agosti, kabla hata msimu haujaanza. Likahitaji upasuaji. Akaingia J.T. Barrett, mdogo, hajulikani, akawa moto. Mwishoni mwa Novemba, mechi ya Michigan, Barrett akavunjika kifundo cha mguu. Akabaki Cardale Jones, chaguo la tatu. Wakampa fainali ya ligi, wakashinda 59 kwa 0 dhidi ya Wisconsin. Wakaifunga Alabama 42 kwa 35. Tarehe 12 Januari 2015 wakaifunga Oregon 42 kwa 20, wakawa mabingwa wa nchi. Na kijana aliyekuwa wa tatu kwenye foleni!

Watu wanaisimulia kama hadithi ya bahati. Mimi sioni bahati pale. Ukitaka mtu wa tatu awe tayari, lazima awe amefanya mazoezi. Na hapa ndipo mambo ya ndani ya timu yanakuja, nivumilieni kidogo wale msiopenda mpira.

Mazoezi ya wiki yana mizunguko inayohesabika. Mchezaji wa kwanza anapewa karibu yote, wa pili anapewa makombo, wa tatu anaigiza timu pinzani ili wengine wajifunze. Siku wa kwanza akianguka, kocha anafunga kurasa nyingi za kitabu chake cha mbinu, maana mgeni hazijui. Timu inabaki na mambo machache, mpinzani anayasoma. Washambuliaji wanashindwa kukaa na mpira, kwa hiyo walinzi wanarudi uwanjani kila dakika mbili bila kupumzika, na mtu aliyechoka ndiye anayeumia. Naam, jeraha moja linazaa jingine, hata kwa mtoto wa mtu ambaye hajawahi kugusa ule mpira. Oregon wa 2007 walikuwa wa pili nchini mwezi Novemba, goti la kwotabeki wao Dennis Dixon likamwangusha wakicheza na Arizona, wakapoteza mechi ile na mbili zilizofuata.

Siku hizi kuna jambo jingine linaloongeza shida. Mchezaji wa akiba hasubiri tena. Kanuni zimelegezwa, anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja, na pesa ziko wazi. Simlaumu, hata mimi ningehama. Lakini maana yake ni kwamba timu nyingi zina mchezaji wa kwanza anayelipwa vizuri sana, na nyuma yake kuna mtoto wa miaka 18 aliyefika juzi.

Ndipo nafika kwenye hoja yangu. Timu yenye watu inamwacha majeruhi alale. Miller alikaa nje msimu mzima wa ubingwa, akarudi 2015, wakambadilishia nafasi akawa mpokeaji wa mipira ili bega lisibebe mzigo ule ule, na 2016 Houston Texans wakamchukua raundi ya tatu. Timu isiyo na watu inamtazama majeruhi wake kila asubuhi, kama watu wanavyomtazama fundi aliyeahidi gari Ijumaa. Hakuna anayemwambia wazi rudi uwanjani. Wanamuuliza tu anajisikiaje. Kocha anauliza, wenzake wanauliza, mashabiki wanauliza kwenye simu yake, siku hizi hata wanaobeti wanauliza, na wengine wanatukana. Kijana wa miaka 20 akiulizwa mara hamsini anajisikiaje, mara ya hamsini na moja atajibu yuko fiti.

Na goti halisikilizi hayo maneno.

Hebu niwaeleze goti, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Ndani ya goti kuna ligamenti ya mbele, ile inayoitwa ACL, kamba fupi nene inayozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele. Mara nyingi inakatika bila hata kuguswa na mtu. Kijana anakanyaga, anageuka ghafla, anasikia "pa!", goti linavimba ndani ya saa chache. Daktari hashoni ile iliyokatika. Kwa kawaida anachukua kipande cha kano mahali pengine, mbele ya goti au nyuma ya paja, anatengeneza kamba mpya.

Sasa hapa sikilizeni. Ile kamba mpya siku ya upasuaji ina nguvu. Baada ya wiki kadhaa inalegea, kwa sababu mwili unaibomoa na kuijenga upya kuwa yake. Na huo ndio wakati maumivu yanaisha! Mtoto anatembea vizuri, ametupa magongo, anacheza muziki jikoni, mama anamshukuru Mungu. Kwa nje amepona, ndani ana uzi. Utafiti unaonyesha kwamba kusubiri angalau miezi tisa kabla ya kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kurukaruka kunapunguza sana hatari ya kukatika tena, na madaktari wengi wanaenda hadi mwaka. Vijana chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo ya namna hiyo, karibu mmoja kati ya wanne au watano anaumia tena, goti lile lile au la pili. La pili, ndiyo. Lile zima lililokuwa linabeba mwenzake.

Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia goti la kushoto Oktoba 2011. Akajitahidi, akarudi msimu uliofuata. Oktoba 2012, wakicheza na Tennessee, akagongwa goti la kulia, likateguka na ligamenti kadhaa zikakatika. Picha zile msiangalie, nawasihi. Wachezaji wa timu zote mbili waliingia uwanjani wakamzunguka. South Carolina walimaliza msimu huo na ushindi 11, wakafungwa mechi mbili tu. San Francisco 49ers walimchukua 2013, akapambana, na Novemba 2014 akaacha mpira bila kucheza mechi hata moja ya ligi ya kulipwa. Sina ushahidi kwamba kuna aliyemharakisha, na sisemi hivyo. Nasema tu timu iliendelea vizuri sana bila yeye, na hilo mimi nalichukulia kama habari njema. Kama timu inaweza kuendelea kushinda bila wewe, basi kaa kitandani mwanangu.

Mama mmoja aliniuliza kwenye posti ya pili, "Dada, si wana bima lakini?" Wana, kiasi. Sikilizeni historia kidogo. Mwaka 1955 kule Colorado, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M, Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake akadai fidia, ile anayolipwa familia ya mfanyakazi akifia kazini. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ikamkatalia, mumewe hakuwa mfanyakazi wa chuo. Jina "mwanafunzi-mwanamichezo" ambalo leo liko kwenye kila fomu lilitungwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, enzi hizo hizo na kwa hofu hiyo hiyo. Walter Byers aliyekiongoza chama tangu 1951 aliandika hivyo mwenyewe alipostaafu. Kwa hiyo ukiona neno zuri kwenye karatasi, uliza lilizaliwa wapi.

Mambo yamebadilika, niwe mkweli. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ni hatua. Lakini goti lililofanyiwa upasuaji ukiwa na miaka 19 linaweza kuanza kusaga ukiwa na 35. Miaka miwili haifiki huko.

Kwa hiyo kocha akija kwako, mkaribishe, mpikie pilau, halafu uliza. Muulize wachezaji wake watatu wa mwisho waliomaliza msimu kwa jeraha wako wapi sasa, wamehitimu? Ufadhili unaendelea akiwa hachezi, na imeandikwa ukurasa gani? Anayeamua mtoto arudi lini ni nani? Kanuni za NCAA zinasema uamuzi ni wa madaktari na watabibu wa timu, kocha hana kauli. Mwache kocha akujibu kwa mdomo wake, na umtazame usoni wakati anajibu. Muulize pia mchezaji wa tatu wa nafasi ya mwanao ni nani. Atashangaa, maana wazazi huuliza kama mtoto wao atakuwa wa kwanza. Wewe unataka kujua kama kuna mtu nyuma yake. Na msome mkataba wa pesa mstari kwa mstari mahali palipoandikwa kuumia. Kiingereza cha mkataba kikiwa kigumu, tafuta mwanasheria. Usimtegemee binamu aliyesoma biashara.

Jambo la mwisho, na hili wamama wengi wa huku hawalijui hadi siku ya siku. Mtoto akifikisha miaka 18, kwa kawaida hospitali haikupi habari zake bila ruhusa yake, hata kama wewe ndiye uliyemzaa. Unapiga simu kutoka Texas, mtoto yuko chumba cha upasuaji Ohio, na nesi kama mimi anakwambia, "Samahani mama, siwezi kuongea." Inaniuma kila nikisema, lakini ndiyo sheria. Kabla hajaondoka nyumbani, mwambie asaini karatasi ya kukuruhusu kupata taarifa zake za matibabu, na nyingine ya kukupa mamlaka ya kuamua kama yeye hawezi kusema. Piga picha zote mbili, weka kwenye simu.

Na akivunjika mguu akakupigia usiku akisema maumivu yanazidi hata baada ya dawa, mguu umekaza kama ubao, vidole vina ganzi, usimwambie avumilie hadi asubuhi. Mwambie amwite nesi sasa hivi. Hiyo ni presha ndani ya misuli na inahesabiwa kwa saa. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma siku kadhaa baadaye, au akakosa pumzi ghafla, vile vile, haraka, inaweza kuwa damu iliyoganda.

Maswali ya mtikisiko wa ubongo msinitumie leo jamani, nayaona yameshaanza. Hayo yana posti yake Jumapili.